Oili ya Giaboksi Haichaguliwi kwa Uzito
Na Kalenga Ilunga, Kamina

Nenda leo kwenye duka la vipuri hapa Kamina uombe oili ya giaboksi. Mara nyingi utaulizwa swali moja tu: nzito au nyepesi? Muuzaji hakuulizi gari gani, giaboksi ya kiwanda gani, wala kama oili hiyo inakwenda kwenye giaboksi, kwenye transferi (inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) au kwenye difu. Ukisema nzito, anakupimia kutoka kwenye pipa, unalipa, unaondoka. Nasema wazi kwamba mazoea haya yanatuulia magari, nasi tunaisingizia barabara.

Zamani jambo hili lingekuwa la watu wachache. Mji wetu ulikuzwa na reli. Njia ya treni kutoka Lubumbashi ilifika Bukama mwaka 1918, na ilipofika 1928 ilikuwa imepita hapa Kamina hadi Ilebo. Baadaye likaja tawi la Kabalo. Mzigo mzito ulikuwa wa treni. Leo treni ni chache na mahindi ya Kaniama yanakwenda Mbuji-Mayi kwa lori, samaki wa Bukama na wa Malemba-Nkulu wanasafiri kwa lori au kwa Land Cruiser, saruji na chumvi vivyo hivyo. Giaboksi ikifa porini upande wa Kaniama, shofa na watu wake hulala chini ya gari wakingoja kipuri kitoke Lubumbashi, na mzigo unanyeshewa. Mwenye mahindi ndiye anayelipia oili ile ya pipa.

Maandishi ya kwenye bidoni yana maana. Chukua bidoni iliyoandikwa 80W-90 GL-5. Namba za kwanza ndizo za uzito. Hapo pana kosa ambalo nimelisikia kwa mafundi wengi: kwamba 90 ya giaboksi ni nzito mara mbili ya 40 ya injini. Sivyo. Vipimo hivyo ni viwili tofauti, na oili ya giaboksi ya 90 inakaribiana kwa uzito na oili ya injini ya 40 au 50. Anayekimbilia 140 akidhani 90 ni maji anaikaba giaboksi yake bure, kwa sababu oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika kwenye beringi asubuhi gari likiwa la baridi, na huzifanya gia ziwe ngumu kuingia.

Herufi GL ndizo zinazosema kazi, na hizo ndizo tunazoziruka. Oili ya GL-5 imetiwa dawa nyingi za salfa na fosforasi kwa ajili ya difu, ambako meno ya gia husuguana kwa kuteleza yakiwa yamebanwa kwa nguvu kubwa mno. Huko bila dawa hizo meno yanakwanguka. Lakini ndani ya giaboksi ya mkono kuna ringi za aloi ya shaba ambazo kazi yake ni kulinganisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana. Ringi hizo zinahitaji kusugua kidogo ili zifanye kazi. Ukizitilia oili inayoteleza kupita kiasi, gia zinalia. Tena baadhi ya oili za GL-5 zina salfa inayoila shaba zikipata moto, na sisi wa Katanga, nchi ya shaba, ndio wa mwisho tunaopaswa kufundishwa kwamba shaba huliwa na salfa. Fundi husikia gia zinalia, anabadilisha klachi, na ugonjwa unabaki palepale.

Sisemi GL-5 ni mbaya. Land Cruiser nyingi za giaboksi ya mkono zinazotembea hapa zimeruhusiwa na Toyota kutumia 75W-90 ya GL-4, yenye dawa chache zaidi, au ya GL-5, zote mbili. Gari jingine linakataa kabisa. Anayejua ni aliyeitengeneza giaboksi, na maneno yake yamo kwenye kitabu cha gari au kwenye kibati kilichopigwa ubavuni mwa giaboksi, chini ya matope. Kwa malori makubwa yaliyotumika Ulaya mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa viwanda vina namba zao. Mercedes-Benz walitoa 235.1 kwa giaboksi za mkono za zamani na 235.0 kwa difu. MAN wana 341 kwa giaboksi na 342 kwa difu. ZF wana orodha zao za TE-ML, na ile ya 02 ndiyo ya giaboksi za malori. Geuza bidoni usome nyuma. Kama huoni namba ya kiwanda hata moja, ila picha ya lori na simba, rudisha bidoni mahali pake.

Transferi ndiyo inayoonewa zaidi, kwa kuwa wengi huihesabu kuwa mkia wa giaboksi. Ziko zinazozungushwa kwa gia tupu, kama ya Land Cruiser 70, nazo hutaka oili ya gia. Ziko zinazozungushwa kwa cheni, kama za pikapu nyingi za Kimarekani, na nyingi kati ya hizo hutaka oili nyekundu ya giaboksi ya otomatiki, ya aina ya Dexron. Ndani yake huwa na pampu ndogo inayopandisha oili juu kwenye beringi. Mimina 140 humo na pampu haiwezi kuivuta vizuri. Beringi za juu zinakauka huku kipimo kikionyesha pamejaa. Rangi nayo isikudanganye, maana oili mbili nyekundu zaweza kuwa za kazi tofauti. Toyota yenyewe ina WS kwa otomatiki zake mpya, na hiyo haibadilishani na Dexron ya zamani.

Halafu kuna maji, na hapa mkoani Haut-Lomami maji ndiyo adui mkubwa. Gari limetembea saa nzima, giaboksi imechemka, mara linaingia kwenye mto au dimbwi linalofika kwenye milango. Chuma kinapoa ghafla, hewa ya ndani inanywea, na kama kipumulio kimezibwa na udongo, giaboksi inavuta maji kupitia kwenye sili. Mwezi wa pili mwaka huu nilisimama kando ya fundi mmoja kijana alipofungua kizibo cha chini cha transferi ya Land Cruiser iliyotoka Kabongo. Kilitoka kitu chenye rangi ya chai ya maziwa. Akapangusa kizibo, ambacho kina sumaku, akakisugua kwa kidole gumba. Uji mweusi laini ni kawaida, ni uchakavu wa kila siku. Lakini mlikuwa na vipande vyembamba vyenye ncha, vya kuchoma kidole, na hivyo ni meno ya gia. Alipofungua giaboksi, oili ikameremeta kwa chembe za rangi ya dhahabu ambazo sumaku haikuzishika. Hizo ni ringi za shaba. Mwenye gari alikuwa ametia oili mpya wiki chache kabla, nzito, ya pipa.

Kijana yule alifanya jambo moja ambalo wakubwa wake wengi hawalifanyi: alilegeza kwanza kizibo cha juu cha kujazia, ndipo akafungua cha chini. Ukimwaga kwanza na cha juu kikakataa kufunguka, gari limekwama bila oili. Pia alipima giaboksi na transferi pamoja, kwa sababu sili iliyo kati yake ikichoka, oili huhama upande mmoja kwenda mwingine. Mmoja unafurika, mwenzake unabaki mkavu, na chini ya gari huoni hata tone.

Wenye magari wataniambia oili ya kweli ni ghali. Ni ghali. Lakini transferi ya Land Cruiser inachukua kama lita mbili, nayo haibadilishwi kila mwezi. Linganisha lita hizo na bei ya transferi moja ya mitumba, pamoja na nauli yake na siku ambazo gari limelala.

Kwa hiyo naomba mambo haya, na naomba kwa dhati. OCC, ambayo kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia nchini, ifike kwenye mapipa ya oili ya gia yaliyo katika soko letu na ipime kilichomo. Wauzaji wabandike ukutani ni GL ipi wanayouza. Nanyi wenye magari, nunueni wenyewe bidoni iliyofungwa, na mwambieni fundi aandike kwa rangi ubavuni mwa giaboksi, transferi na difu aina ya oili iliyomo na tarehe. Mvua zinaanza mwezi wa kumi. Kabla hazijaanza, fungueni vizibo muone kilichomo, na safisheni vipumulio.