Subaru ya zamani au ya juzi? Tazama taa kwanza

Nianze kwa kukiri: mimi ni mgonjwa wa Subaru, na ugonjwa huu tunao vijana wengi wa Eastlands. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Impreza, Richard Burns naye akashinda na Impreza mwaka 2000. Mpaka leo injini hiyo ikinguruma Jogoo Road, shingo zinageuka.

Basi nimeweka akiba, na njia ni mbili. Ya kwanza ni Impreza WRX ya miaka ya tisini, ile GC8 ya gia za mkono. Ya pili ni WRX S4 ya 2020, iliyotumika Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likishapita miaka minane tangu lisajiliwe, kwa hiyo GC8 utaitafuta humu humu nchini.

Moyo wangu ulikuwa kwa ya zamani, na sababu yangu ni ya kikazi: GC8 inasomeka. Chini ya dashibodi kuna nyaya mbili nyeusi za uchunguzi. Ukiziunganisha, taa ya injini inapepesa hitilafu zilizohifadhiwa: mpepeso mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Mirefu miwili na mifupi miwili ni 22, yaani kuna shida kwenye sensa inayosikiliza kama injini inagonga. Huhitaji laptopu wala leseni. Fundi wa Kariobangi Light Industries anasoma kwa macho tu. S4 nayo Japani iliuzwa na CVT peke yake, bila gia za mkono, na CVT ikileta shida utatafuta mtu mwenye mashine.

Jumamosi nikaenda Buruburu kuona GC8 moja. Rangi safi, rimu za dhahabu, sauti tamu. Nikazungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya oili ikawaka, ya betri ikawaka. Ya injini, giza. Taa hiyo inapaswa kuwaka hapo kila mara. Isipowaka, balbu imeungua au kuna mtu ameingoa. Mwenye gari akacheka: "Buda, hiyo taa ilikuwa inanisumbua, tukaitoa."

Wenzangu tunaoandika programu, tunalijua hili. Ni ile programu inayokamata kila kosa na kulimeza kimya, halafu mteja anaambiwa mambo ni shwari. Na WRX za Japani ziliundwa kwa petroli ya oktani ya juu kuliko super yetu ya kawaida. Injini ya turbo ikigonga, pistoni zinaumia, na aliyepaswa kukuonya ndiye huyo aliyengolewa.

Kazini programu ya zamani hainitishi. Inayonitisha ni ile iliyoguswa na watu kumi, na hakuna hata mmoja aliyeandika alichobadilisha. GC8 nyingi mtaani ziko hivyo: turbo ya huku, nyaya za kule, kompyuta iliyochezewa na mtu asiyejulikana.

S4 inaweza kuja na karatasi ya mnada wa Japani yenye daraja na kilomita, na ni lazima ikaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Udanganyifu upo hata huko. Lakini kwenye mfumo wa OBD-II, mtu akifuta hitilafu, vipimo vya utayari navyo vinafutika mpaka gari liendeshwe tena. Kifaa kidogo cha Bluetooth na simu yako vitakuonyesha kwamba kuna kitu kimefutwa juzi.

Kwa hiyo nimeamua S4, kwa masikitiko. Ikitokea GC8 yenye taa inayowaka, nyaya ambazo hazijakatwa na daftari la sevisi, nitabadili uamuzi siku hiyo hiyo. Nunua historia kwanza, mwaka wa gari utafuata.

Mama bado anasisitiza ninunue ploti. Wewe ungechagua ipi?