Aliyeliwa Asisingizie Nuksi



Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, kijana wa mtaani kwetu alinifuata barazani akaniomba nimwombee dua. Nikamuuliza, "Una nini, mwanangu?" Akanijibu, "Shekhe, nimeingiwa na nuksi. Wiki tatu hizi kila karata nishikayo ni mbaya. Naliwa tu."

Nilidhani afanya mzaha. Kumbe ameshaliwa mshahara wa miezi miwili katika mchezo wa poka, nusu mezani na nusu katika simu, na bangili za mkewe zimewekwa rehani. Wala hakuja kuniuliza vipi ataacha. Alikuja aombewe apate kula!

Dua hiyo sikuiomba. Lakini maneno yake nayasikia kila pembe, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza, hiyo nuksi. Mtume wetu (s.a.w.) aliikanusha itikadi ya nuksi na mikosi. Hakuna siku ya kisirani wala kiti cha balaa. Na nyinyi mama zetu, mnaowachukua vijana hawa wakazinguliwe kwa kuwa "wamefanyiwa", jueni kuwa mwanenu hakufanyiwa na mtu. Amejifanyia mwenyewe. Pesa mnayompa mganga ni hasara ya pili juu ya ile ya kwanza.

Pili, hesabu. Karata ni 52. Ukizigawa tano tano, mikono mbali mbali iwezayo kutoka ni 2,598,960. Katika yote hiyo, ule mkono mkubwa kuliko yote, wa ree mpaka kumi za rangi moja, ni minne tu. Karata zikishachanganywa hazina macho wala kumbukumbu. Hazijui kuwa jana uliliwa, wala hazikuonei huruma leo. Rusha shilingi juu: kuanguka upande ulioutaja mara tano mfululizo ni jambo la mara moja katika 32. Basi mwenye kucheza michezo mia kwa usiku atashangaa nini akiliwa mara tano mfululizo? Si nuksi hiyo. Ndiyo tabia ya mchezo wenyewe.

Tarehe 18 Agosti 1913, katika jumba la kamari la Monte Carlo, kitufe cha ruleti kilianguka kwenye nyeusi mara 26 mfululizo. Watu waliokuwapo walimiminia pesa zao kwenye nyekundu, wakisema, "Haiwezekani tena, sasa lazima igeuke." Wakapoteza mamilioni. Gurudumu lile lina nafasi 37: nyekundu 18, nyeusi 18, na sufuri moja ambayo ni faida ya mwenye jumba. Liwe limetoa nyeusi mara moja au mara 25, nafasi ni zile zile. Wenye akili na mali zao walidanganyika kwa neno lile lile analolisema kijana wetu: "itageuka".

Tatu, wako wasemao, "Nikiliwa naongeza dau maradufu, nikila mara moja tu nimerudisha zote." Haya, tuhesabu. Anza na shilingi 100, kisha 200, kisha 400. Ukiliwa mara kumi mfululizo umeshatoa shilingi 102,300, na mara ya kumi na moja wahitaji kuweka 102,400. Na ukila, faida yako ni nini? Shilingi 100! Kwa mia moja umeiweka nyumba nzima juu ya meza.

Nne, hoja wanayojivunia zaidi: "Poka si bahati, poka ni akili." Hatukatai kuwa mna akili ndani yake. Lakini tuulize: pesa anayokula huyo mwenye akili yatoka wapi? Poka hailimi, haivui, haishoni nguo. Kila shilingi iingiayo mfukoni mwa mmoja imetoka mfukoni mwa mwenziwe, na mwenye meza amekwisha kata fungu lake kabla. Mwaka 2003 Mmarekani mmoja, Chris Moneymaker, alishinda mashindano makubwa ya poka huko Las Vegas akapata dola milioni mbili na nusu, na sifa zake zikawavuta wengi kwenye mchezo huu. Waliocheza siku zile walikuwa 839, na ada ya kiti ilikuwa dola 10,000. Jina la yule mmoja lajulikana dunia nzima. Wale wengi walioondoka mikono mitupu nani awataja? Na hata ukiwa wewe ndiwe mjuzi, basi ujuzi wako ni kumtafuta asiyejua umle. Huyo naye ana mke na watoto wanaomngoja na unga.

Tano, na hili ndilo lililoniuma zaidi. Wako walimu wa mchezo huu wanaofundisha namna ya kustahimili siku za kuliwa: tulia, punguza dau, pumzika kidogo, kisha rudi, uwe na subira. Subira! Neno tunaloliambia wafiwa na wagonjwa, leo lafanywa chambo cha kumrudisha mtu mezani. Mvuvi aliyetoka na ngalawa yake siku saba akarudi mtupu, huyo ana haki ya kuambiwa asubiri, kwani kazi yake ni halali na riziki ya bahari i mikononi mwa Mola. Lakini aliyetoboa mtumbwi wake mwenyewe haambiwi asubiri. Huambiwa azibe tundu. Wala asiseme, "Ni kadari ya Mungu," maana dau aliliweka kwa mkono wake na kwa hiari yake.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na 91, ameitaja kamari pamoja na ulevi, na akatueleza sababu: yatia uadui na chuki baina ya watu, na yazuia kumkumbuka Yeye na kusali. Je, kijana wetu hakuyaona yote mawili? Mkewe hasemi naye, na Alfajiri yampita simu i mkononi.

Basi dawa ni nini? Si kungoja bahati. Hesabu ulichopoteza, kisha kikubali kuwa kimekwenda. Pesa iliyoliwa hairudishwi kwa kuliwa tena. Mwambie mkeo ukweli, japo ni mchungu. Futa mchezo katika simu. Mshahara ukitoka, mpe nduguyo au mzee unayemwamini akushikie mpaka utakapojiweza. Lipa deni kidogo kidogo, ukianza na bangili za mkewo, kwani zile ni mali yake, si yako. Na marafiki wa mezani waage, hata wakikucheka.

Nanyi jamaa, msimlipie madeni kwa siri akarudi tena mezani, wala msimfukuze kama mbwa. Mshikeni mkono.

Kijana wangu, ukiyasoma haya, njoo tena barazani. Dua ya kula sina. Dua ya kutubu, tutaiomba pamoja.

Wabillahi tawfiq.