Kijiji Hakijiandikii Kitabu

Kila inapozungumzwa fasihi ya watoto, kuna kauli inayorudiwa hadi imekuwa kama methali: kwamba mwandishi hodari wa watoto ni zao la kijiji. Tunaonyeshwa bibi, moto wa jioni na watoto waliotega masikio, kisha tunaambiwa kwamba hapo ndipo vitabu vilipozaliwa. Sipingi kwamba kijiji kilitoa mengi. Ninachokipinga ni kuishia hapo, kwa sababu nusu iliyoachwa ndiyo inayotuhusu sisi tulioko Chapwa na Tunduma kwa jumla.

Mfano ninaoutumia mara kwa mara darasani ni wa marehemu Asenath Bole Odaga wa Kenya. Alizaliwa mwaka 1937 huko Rarieda, kando ya Ziwa Victoria, katika familia ya wakulima. Baba yake alikuwa pia katekista. Kitabu chake cha watoto, *Jande's Ambition*, kilitoka mwaka 1966, na baada yake vikafuata vingine vingi. Ukiyasoma majina ya baadhi yake tu, *Sweets and Sugar Cane*, *The Villager's Son*, *Kip on the Farm*, unaona miwa, mwana wa mwanakijiji, na shamba. Mtoto wa shamba hakuwa mgeni wa kupita katika vitabu hivyo. Ndiye aliyekuwa mwenyeji.

Rarieda ilimpa nini? Wengi hujibu kwa haraka: mandhari. Mimi naona ilimpa jambo zito zaidi, yaani utaratibu wa kusimulia na kusikiliza. Katika jamii ya Waluo kulikuwa na nyumba ya bibi iliyoitwa siwindhe, ambamo watoto walilala na kufundishwa kwa ngano, vitendawili na methali. Fanani alijulikana, hadhira ilijulikana, na hadithi ilikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Maneno ya kufungia ngano, *Thu Tinda*, ndiyo Odaga aliyoyafanya kuwa jina la mkusanyiko wake wa hadithi. Kwa desturi, anayeyatamka maneno hayo huomba akue, awe mrefu kama mti ulioko kwa mjomba wake. Tazama hekima iliyomo: hadithi haimalizikii kwa mhusika, humalizikia kwa mtoto na matumaini yake ya kukua.

Ilimpa pia maadili yenye makali. Ngano ya Simbi Nyaima, ambayo Odaga aliiandikia, inahusu kijiji kilichomnyima ajuza ukarimu, kikazama na kuwa ziwa. Ziwa hilo lipo hadi leo karibu na Kendu Bay. Mtoto anayekua katika nchi ambayo ziwa lenyewe ni somo la ukarimu haandiki kama mtoto aliyeambiwa tu, "Wapendeni wageni."

Hata hivyo, wanawake waliokulia vijijini kando ya ziwa lile na kuzijua ngano zilezile hawahesabiki. Kwa nini wengi wao hawakuandika? Jibu la kwamba walikosa kipaji silikubali. Odaga alisoma hadi Shule ya Wasichana ya Alliance, akapata mafunzo ya ualimu, kisha akasoma fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipoanza kuandika, jumba la East African Publishing House lilikuwa limekwisha kuanzishwa, likitafuta waandishi wa Kiafrika. Baadaye alikuwa mtafiti katika Taasisi ya Taaluma za Afrika ya chuo hicho, akazifanya ngano za bibi kuwa taaluma. Mwaka 1982 alianzisha kampuni yake ya uchapishaji mjini Kisumu, Lake Publishers, na akaandika kwa Kidholuo pia, si kwa Kiingereza peke yake. Kijiji kilimpa hadithi. Shule, chuo, mchapishaji na lugha iliyoruhusiwa kuchapishwa vikampa ngazi.

Sasa tujitazame. Tunduma ni lango. Reli ya TAZARA hupita hapa, barabara kuu iendayo Zambia hupita hapa, na tangu mwaka 2019 sisi na wenzetu wa Nakonde tuna kituo cha pamoja cha forodha ili malori yasikawie. Ni jambo jema. Lakini najiuliza: nchi iliyojua namna ya kuivusha shaba kwa haraka, imeweka utaratibu gani wa kuivusha hadithi ya mzee wa Kinyamwanga kutoka kinywani mwake hadi mkononi mwa mtoto wa darasa la pili? Nimewaomba wanafunzi waliotoka Momba na Mbozi wanisimulie ngano za kwao, nao wakasimulia vizuri. Nilipowauliza ni nani kati yao aliyewahi kuisoma ngano hiyo kitabuni, walinyamaza.

Najua pingamizi linalokuja: Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na kuzipa nafasi lugha za jamii ni kuchezea umoja. Hoja hiyo naiheshimu, kwani umoja huo si jambo la mzaha. Lakini tumkumbuke Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji kwa miongo kadhaa, hadi alipoitafsiri mwenyewe na toleo la Kiswahili likachapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Kiswahili hakikupungukiwa kwa kuipokea kazi iliyotungwa kwa Kikerewe, kilitajirika. Kilichopotea ni miaka ya mwandishi.

Kwa hiyo nasema na makundi matatu. Ninyi wanafunzi, simu mnazoshika zinarekodi sauti: rekodini ngano kwa ridhaa ya wasimulizi, andikeni jina la msimulizi na la mahali, kisha itafsirini kwa Kiswahili sanifu. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu sasa inapokea hadithi za watoto. Hakuna sababu ya Songwe kukaa pembeni. Ninyi watumishi wa halmashauri, mnapopanga bajeti ya elimu, kitabu cha hadithi kisihesabiwe kuwa anasa inayosubiri madawati yatoshe. Nanyi wanaharakati, mnaotetea haki ya mtoto kwenda shule, teteeni pia haki yake ya kujikuta ndani ya kitabu anachokisoma akiwa huko.

Wazee wanaozijua ngano hizi wanapungua kila mwaka, na pamoja nao hupungua maktaba ambayo hatukuigharimia hata shilingi. Yuko mtoto Chapwa leo anayesikiliza kama Odaga alivyosikiliza. Kusikiliza anajua tayari. Ngazi ndiyo anayoidai kwetu.