Tanzu za Fasihi Hazifundishwi kwa Imla

Haya tena wadau, nimerudi kibarazani. Najua nimepotea, msinilaumu sana, test zimepishana hapa kama daladala za asubuhi. Leo sina umbea wa kantini wala habari za bumu kuchelewa. Nina jambo limenikaa kooni tangu tutoke mazoezi ya kufundisha, TP kama tunavyoiita, na nisipolisema litanikaba. Wale wenzangu wa Ualimu, hasa mnaosoma Kiswahili, vuteni viti karibu. Wa Uhandisi na Biashara nanyi kaeni, maana wote mlipita kidato cha kwanza.

Nasema hivi: namna tunavyofundisha tanzu za fasihi mashuleni ni kuwaibia watoto mali yao halafu kuwauzia orodha yake.

Kipindi chenyewe mnakijua. Mwalimu anaingia, anafuta ubao, anaandika "Tanzu za Fasihi Simulizi". Anachora mti. Tawi la kwanza hadithi, la pili ushairi, la tatu semi, la nne sanaa za maonyesho. Chini ya hadithi anaweka ngano, vigano, tarihi, visasili. Chini ya semi anaweka methali, vitendawili, nahau, misimu. Kisha anaanza imla: "Ngano ni... nukta. Mstari mpya." Dakika arobaini zimekwisha. Hakuna ngano iliyotambwa, hakuna kitendawili kilichotegwa, hakuna aliyeimba wala aliyecheka. Darasa zima limejifunza fasihi SIMULIZI kwa kunyamaza! Hivi jamani, hili halituchekeshi?

Ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea kwa kumwandikisha maana ya maji.

Na watoto wenyewe wamekuja na fasihi kichwani. Darasa nililofundisha mie lilikuwa na wanafunzi themanini, na nyuma kabisa kulikuwa na binti mmoja ambaye wakati wa mapumziko alikuwa anategea wenzake vitendawili mpaka wanaomba maji. Wakishindwa anadai mji, anapewa, anautembelea huo mji anavyotaka, ndipo anatoa jibu. Lakini kwenye zoezi la "taja sifa nne za vitendawili" alipata moja. Sasa niambieni, nani hapo hajui vitendawili, yeye au zoezi?

Kuna watakaosema, aah, mambo ya tanzu ni madogo, mtoto akariri afaulu aendelee na maisha. Sikubaliani kabisa. Utanzu ni makubaliano kati ya anayesema na anayesikiliza. Nikikuambia "Paukwa!" ukaitikia "Pakawa!" tayari tumeshapatana kwamba sungura atasema na wewe hutaniuliza alisema mwaka gani. Nikianza na "Ndugu wafiwa" unajua sasa si wakati wa kupiga makofi. Mzee akisimulia ukoo wake ulikotoka unamsikiliza kwa sikio jingine, kwa sababu tarihi inadai kuwa kweli na ngano haidai hivyo. Mtu asiyejua kutofautisha madai hayo ndiye huyo anayepokea kisa cha WhatsApp kilichotungwa kama ngano, kimevalishwa koti la habari, naye anakisambaza kwa ukoo mzima kabla hajamaliza kukisoma. Ndugu zangu, hapo hatuzungumzii alama za mtihani tena.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Tunawafundisha watoto ule mti kana kwamba ulishuka na mvua. Sie tuliofika chuo tunajua wataalamu wenyewe hawajakubaliana matawi yake. Profesa Mulokozi katika makala yake ya mwaka 1989 kwenye jarida la Mulika aliweka tanzu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Sita, wala si nne! Naye hakuzigawa kwa kutazama maneno tu, alitazama pia muktadha, yaani kazi inatolewa vipi, wapi na mbele ya nani. Sasa mtoto wa kidato cha kwanza anapoandikishwa nne bila kuambiwa kwamba huo ni mgawanyo mmoja kati ya kadhaa, tunamdanganya. Na ngoma zinazopeleka ujumbe, yaani hiyo ngomezi, atazisikia lini?

Chukua ngonjera. Madaftari mengi yanaiweka kwenye fasihi simulizi. Lakini ngonjera tunazozijua zilivumishwa na Mathias Mnyampala, mtu mwenye jina, miaka ya 1960, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zimetungwa kwa kalamu, zina vina na mizani, zinakaririwa, halafu zinaigizwa mbele ya mgeni rasmi. Ni ushairi? Ni maigizo? Ni andishi au simulizi? Mwanafunzi akiuliza hivyo anaambiwa "kaa chini, usipoteze muda wa wenzako". Kumbe ndiye mwanafunzi pekee aliyekuwa anafanya fasihi siku hiyo!

Chukua kanga. Usemi wake umechapwa kwenye kitambaa, una maandishi kabisa, lakini unavaliwa ili usemwe mtaani bila mdomo kufunguka. Tawi gani hilo? Chukua tamthiliya za Ebrahim Hussein za mwaka 1976, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zinazochanganya utambaji wa ngano, ushairi na jukwaa. Chukua Kichomi ya Kezilahabi ya mwaka 1974. Mashairi yake yasiyofuata vina na mizani yalizua ubishi mkali, wengine wakisema hayo si mashairi kabisa, wakati Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa ameshaandika sheria za utungaji tangu mwaka 1954. Watu wazima wasomi waligombana kuhusu swali la "hili ni shairi au si shairi". Ugomvi huo ni mtamu, una hoja, una historia. Mtoto anaupata kama sentensi moja: "Mashairi ni ya aina mbili, ya kimapokeo na ya kisasa." Nukta. Mstari mpya.

Basi nisiwe mtu wa kulalamika tu, maana najua kuna mdau ataandika hapo chini "sasa wewe ulitaka tufanyeje?" Haya, nakupa matatu. Nimeyajaribu kwenye darasa la watoto themanini, shule isiyo na maktaba, kwa karatasi za daftari na mkasi wa kuazima.

La kwanza, vipande visivyo na majina. Andika vipande kumi na viwili: kitendawili, ngano fupi, maneno ya kanga, tangazo la msiba, tarihi ya ukoo, kisa cha mlima ulivyotokea, ubeti uliotunga mwenyewe, mabishano ya watani, habari ya mpira, mazungumzo ya igizo, majigambo, hata namna ya kupika pilau. Usiandike popote ni kitu gani. Gawa darasa makundi kumi ya watu wanane, kila kundi lipate nakala yake. Dakika kumi wapange vipande kwa mafungu wanayoona wao, wayape majina. Dakika kumi na tano watetee: kwa nini hiki umekiweka na kile? Nani anamwambia nani? Wapi, lini? Dakika kumi ndipo unachora ule mti wako ubaoni na kuuliza nani amekubaliana nao na nani hakubaliani. Tano za mwisho waandike. Kwangu kundi moja liliweka maneno ya kanga pamoja na tangazo la msiba, eti kwa sababu vyote viwili vinamlenga mtu ambaye hatajwi jina. Mie mwenyewe nilibaki mdomo wazi.

La pili, tukio moja kwa sura nne. Mbuzi wa jirani amekula kanga iliyoanikwa kambani. Kundi moja liandike kama habari ya gazeti, la pili kama ngano, la tatu kama igizo, la nne wampe mbuzi ajigambe. Wakisoma mbele, darasa litacheka mpaka mwalimu wa jirani aje. Wakimaliza kucheka uliza: gazeti limekulazimisha kusema nini? Watajibu siku, mahali, jina la mwenye kanga. Ngano je? Mbuzi lazima aseme na mwisho kuwe na funzo. Igizo je? Hakuna msimulizi, kila kitu lazima kitoke mdomoni mwa mtu au kionekane. Majigambo je? "Mimi" kila mahali. Hapo umefundisha sifa za tanzu nne bila kuamrisha nukta hata moja, nao wamezigundua wenyewe kwa kuhangaika nazo.

La tatu, daftari la nyumbani. Kila mwanafunzi amuulize bibi, babu, mama au jirani wimbo, kitendawili au kisa kimoja, na aandike si maneno tu: nani alimfundisha, kinatolewa wakati gani, nani haruhusiwi kukitoa. Wakirudi, mti wa ubaoni unaanza kukosa matawi. Mmoja atakuja na wimbo wa kutwanga, mwingine na utani wa msibani kati ya Wazaramo na Wanyamwezi, na darasa litabishana kama huo utani ni mazungumzo au ni maonyesho. Waache wabishane!

Najua pingamizi. La kwanza: kelele. Mwenzangu mmoja, shule siitaji, aliitwa ofisini akaambiwa darasa si ukumbi wa disko, na kwenye karatasi yake ya tathmini akaandikiwa kuwa hawezi kudhibiti wanafunzi. Watoto wake walikuwa wanaigiza. Kama darasa la fasihi simulizi lenye ukimya ndilo darasa zuri, basi makaburini ndiko kwenye walimu bora.

La pili: wanafunzi ni wengi. Ni kweli, na si kosa la mwalimu. Lakini wingi unaiumiza imla vilevile, maana huwezi kusahihisha madaftari themanini ya maana zilizokaririwa ukajua nani ameelewa. Kwenye makundi kumi unawasikia.

La tatu, na hili ndilo zito: mtihani unauliza maana na sifa, mtoto akicheza na mbuzi atafeli. Pingamizi hili naliheshimu kwa sababu mzazi amelipa na mtoto anataka cheti. Lakini aliyewahi kumpa mbuzi majigambo hatahitaji kukariri kwamba majigambo hutolewa na mtu anayejisifu kwa nafsi ya kwanza. Analijua kama anavyojua njia ya nyumbani. Mwisho wa kipindi muandikishe maana, sawa, sikatai. Ninachokataa ni kuanza nayo na kuishia nayo.

Na msiniambie mtaala unakataza. Tangu mwaka 2005 mtaala wa sekondari unasema habari za ujenzi wa ujuzi na mwanafunzi kuwa mtendaji. Kwenye karatasi tumeshashinda, darasani ndiko tunakopigwa.

Tunapigwa kwa sababu sie wenyewe tunafundishwa hivyohivyo. Semina ya "mbinu shirikishi" hapa chuoni unaijua: mmoja anasimama mbele anasoma desa, thelathini wananakili, wawili wamelala. Tunakariri faida saba za kutokariri! Halafu tunapelekwa kwa watoto tukiwa na kile tulichopewa.

Kwa hiyo ombi langu kwa mliobaki na TP mwaka huu ni dogo. Kipindi kimoja tu kati ya vyote mtakavyofundisha, ingieni na vipande vya karatasi badala ya imla. Mkaguzi akija siku hiyo, mpeni naye kundi akae, apange vipande. Na yule mtoto wa nyuma kabisa mwenye vitendawili, mpeni ubao. Akidai mji, mpeni mji.

Haya, uwanja ni wenu. Wanaokubali na wanaopinga wote karibuni, ila anayepinga aje na hoja, asije na desa. Mie naingia prepu, kesho nina test ya Isimu na sijagusa kitu. Tupo pamoja!