DAFTARI LA ASKARI KANZU NA LIFUNGULIWE

Twauliza, wala hatuulizi kwa fitina: maneno waliyoyasema wazee wetu hadharani, mchana kweupe, mbele ya halaiki ya watu, yamekuwaje siri mpaka leo? Msemaji alipaza sauti, na wasikilizaji walipiga makofi. Kilichofichwa ni daftari la yule askari kanzu aliyekaa nyuma ya watu akiandika.

Mji wetu wa Tabora una sehemu yake katika khabari hii, na sisi wa Gongoni twajivunia. Januari 1958 TANU ilifanya hapa mkutano wake mkuu wa mwaka. Hapo ndipo Mwalimu Nyerere alipowasihi wajumbe waingie katika uchaguzi wa kura tatu, uliomlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja. Mabishano yalikuwa makali, na Zuberi Mtemvu akajitenga akaunda chama chake. Serikali ya kikoloni haikuwa imelala. Mwaka 1957 ilikwisha kumpiga Mwalimu marufuku asihutubie hadhara. Na mwaka 1958 ikamshitaki kwa makala iliyowasema Mabwana Shauri wawili katika Sauti ya TANU, kijigazeti cha saiklostaili kama hiki ulichokishika, ewe msomaji. Akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa.

Basi Waingereza walipofunga mizigo, Waziri wao wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza mwaka 1961 kwamba serikali mpya zisirithi karatasi zitakazowatia aibu. Nyingine zikateketezwa kwa moto, nyingine zikapakiwa kwenda kwao, zikafichwa Hanslope Park. Haikukirika mpaka 2011, wazee wa Mau Mau walipowashitaki London. Majalada ya makoloni 37 yakatokea, na ya Tanganyika yamo. Leo yako Kew. Mjukuu wa mwana TANU wa Tabora akitaka kuyashika kwa mkono wake, na atafute nauli na viza!

Mimi ni mwenye duka. Mteja akidai aonyeshwe ukurasa wa deni lake nami nikakataa, hakika ana haki ya kunishuku. Na daftari la askari kanzu ni la kushukiwa zaidi, kwani aliandika apate kumridhisha bwana wake. Hotuba ilisemwa kwa Kiswahili, yenye mafumbo na mithali, kisha ikageuzwa Kiingereza cha ofisini. Mtu akitaja mvua na jembe, mkalimani mwoga aweza kuandika kuwa amechochea vita. Nani atasahihisha? Waliokuwa vijana wa miaka ishirini mwaka 1958 sasa wapita themanini, na twawazika.

Watasema: usalama. Usalama wa nani? Serikali ile iliyopelelezwa kwa ajili yake iliondoka tarehe 9 Desemba 1961. Huko Marekani, FBI ilinasa mazungumzo ya Martin Luther King kwa mitambo, na mwaka 1977 hakimu akaamuru kanda zile zifungiwe miaka hamsini, hata 2027. Jambo lile ni dhuluma, lakini angalau Mmarekani ana tarehe ya kungojea. Sisi tarehe yetu imekwisha pita, maana Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 yasema kumbukumbu za umma hufunguliwa baada ya miaka 30, ila zile zilizowekewa muda mwingine. Hesabu, ndugu: karatasi za 1958 zilitimiza miaka hiyo 1988.

Kwa hiyo twataka mambo mawili. Serikali na idai nakala za majalada ya Tanganyika yaliyoko Kew, iziweke katika maktaba za mikoa, Tabora ikiwamo. Na yale ya polisi yaliyobakia humu humu nchini, orodha yake itangazwe kwa Kiswahili: jina la jalada, mwaka wake, na kama limefungwa, nani amelifunga na kwa sababu gani.