Vitabu Ishirini vya Bahari, na Faida ya Kuvirudia



Mtu akirudia kupika pilau ile ile kila Ijumaa, hakuna anayemshangaa. Akirudia kitabu alichokwisha kukisoma, watu humuuliza kama hana kazi ya kufanya. Na kama kitabu chenyewe ni mfululizo wa vitabu ishirini, tena vya manowari za Kiingereza zikipigana na Wafaransa miaka mia mbili iliyopita, basi huonekana amepata kichaa. Mimi nimeumaliza mfululizo huo, nimeanza upya, na sasa niko kitabu cha nane. Nasema bila haya kwamba mara ya pili ndiyo niliyosoma hasa, na nataka kuwaeleza kwa nini.

Mwandishi ni Patrick O'Brian. Alizaliwa Uingereza mwaka 1914 na akaishi sehemu kubwa ya maisha yake Collioure, mji mdogo wa bahari kusini mwa Ufaransa. Kitabu cha kwanza, Master and Commander, kilitoka mwaka 1969, na cha ishirini, Blue at the Mizzen, kikatoka mwaka 1999. Ni miaka thelathini ya kuandika habari za watu wawili. Mmoja ni Jack Aubrey, nahodha wa manowari, mnene, mwenye kupenda kucheka, hodari akiwa baharini na hovyo kabisa akiwa nchi kavu. Wa pili ni Stephen Maturin, daktari, nusu Muairishi nusu Mkatalani, mpenda ndege na wadudu, ambaye kwa siri ni jasusi. Wanakutana mwaka 1800 kwenye kisiwa cha Minorca, kwenye muziki, na nusura wagombane usiku ule ule. Urafiki wao ndio unaobeba hadithi nzima, kwenye vita vya Napoleon na baada yake.

Wengi wanaijua filamu yao ya mwaka 2003, aliyocheza Russell Crowe. Filamu ni nzuri lakini karibu haina mwanamke, ndiyo maana watu hudhani haya ni mambo ya wanaume. Vitabu sivyo. O'Brian alimpenda mno Jane Austen, bibi aliyeandika habari za posa, mahari na mama wakwe wakati huo huo wa vita. Na Austen naye alikuwa na ndugu wawili wa kiume katika jeshi la majini, Francis na Charles, wote wakafika cheo cha admirali. Kwa hiyo ndani ya vitabu hivi kuna mizinga na tufani, lakini kuna pia barua zinazochelewa miezi, madeni, watoto wanaokua bila baba, na mke anayetazama bahari. Tuambiane ukweli: sisi watu wa visiwani habari hiyo hatuhitaji kufundishwa.

Kiingereza chake kina ugumu, sikatai. Kurasa za mwanzo zimejaa kamba na matanga. Lakini hapo nasi tuna bahati yetu. Mtu wa bara akisoma habari za sehemu za meli hana pa kushika, ila sisi tuna omo na tezi, foromali na dasturi, mkuku na ngama, na tumewasikia wazee wakisema chombo kinakwenda joshi. Ukishajua kwamba wanayoyasema ni hayo hayo yetu kwa lugha nyingine, ugumu nusu yake umekwisha.

Sasa nije kwenye kurudia. Sisi washonaji tuna kawaida moja. Gauni likiletwa dukani, mteja hutazama nje, fundi hulipindua akatazama ndani: mshono ulipopita, pindo lilivyokunjwa, kitambaa kimeachwa kiasi gani. Kusoma mara ya kwanza ni kutazama nje. Unakimbilia kujua nani atashinda, nani ataoa, nani atakufa. Mara ya pili huna haraka, unalipindua gauni. Na ndani nimekuta mambo matatu ambayo nimeona tuyazungumze.

La kwanza ni Sophie, mke wa Jack. Ukisoma kwa haraka utamwona mwanamke mpole wa nyumbani, basi. Ukirudia, utaona ndiye aliyeishika nyumba isianguke. Zama zile manowari ikiteka meli ya adui, thamani yake iligawiwa mafungu manane, na nahodha akachukua mawili au matatu, kulingana na sheria ya wakati huo. Jack hutajirika kwa njia hiyo, kisha anashuka pwani na kila mwenye maneno matamu anamchukua. Katika Post Captain, wakala aliyeshika fedha zake anampoteza, na nahodha mzima, shujaa wa vita, anawakimbia watu wa madeni mpaka Ufaransa. Baadaye anamwamini tapeli anayemwahidi kutoa fedha kwenye mabaki ya machimbo ya risasi. Mumewe akiwa nusu ya dunia mbali, Sophie ndiye anayebaki na wadai mlangoni, pacha wawili wa kike, mtoto wa kiume, na mama yake mwenye ulimi.

Wangapi kati yetu waume au kaka zao wako Maskati, Dubai, au melini? Fedha zinakuja, na anayekaa na hesabu ni mwanamke, lakini jina linaloandikwa ni la aliyetuma. Mwandishi hakupiga kelele juu ya jambo hili. Amelitia tu ndani ya mshono, na anayerudia ndiye anayeliona.

La pili ni mtoto anayeitwa Dil. Huyu yumo katika H.M.S. Surprise, kitabu cha tatu, cha mwaka 1973. Ni mtoto wa kike fukara wa Bombay, mwerevu, anayefuatana na Stephen na kumwonyesha mji. Anatamani kitu kimoja tu duniani, bangili za fedha. Stephen kwa mapenzi anampa. Mtoto anauawa kwa ajili ya zile bangili.

Mara ya kwanza habari hii inakupiga ghafla. Mara ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu tangu mtoto anapozitaja bangili wewe unajua. Unasoma furaha yake na moyo unakwenda mbio. Na unaona jambo ambalo lilikupita: Stephen, mwenye elimu yote ile, hakujiuliza mtoto huyu analala wapi usiku. Alitoa kwa moyo safi, lakini alitoa bila kumtazama anayepewa yuko katika hali gani. Dada zangu, sisi tunaotoa sadaka, hasa ukikaribia mwezi wa Ramadhani, hapa pana somo. Kumpa fukara kitu kinachong'aa mbele za watu, tena tukapiga na picha, kunaweza kumwacha katika hatari au aibu ambayo sisi hatuioni. Dini yetu imetufundisha kusitiri tunapotoa. Habari ya Dil imenionyesha kwa nini.

Ili msione kwamba mwandishi huyu ana huzuni tu, litazameni na jambo hili. Stephen ana mtumishi wa Kiairishi, Padeen, mwenye kigugumizi kikubwa, ambaye baadaye anapelekwa kifungoni Australia. Stephen anajitia hatarini kumtoa huko. Muda mrefu baadaye, Stephen anarudi nyumbani na kukuta binti yake mdogo, Brigid, hasemi na wala hatazami watu, na mama yake ameondoka kwa kushindwa kuvumilia. Nani anayemfungua mtoto yule kinywa? Ni Padeen, mtu ambaye mwenyewe kusema kunampa tabu. Ukisoma mara ya kwanza, kule Australia unaona ni kisa cha mtumishi. Ukirudia unaona Stephen alikuwa akimwokoa mtu atakayemrudishia mwanawe, na hakujua. Wema hauozi, wazee walikwisha kusema.

La tatu ndilo zito kwangu. Ni Diana, mke wa Stephen, mwanamke mzuri, jasiri, mkaidi, mpenda farasi na mwendo wa kasi. Kitabu baada ya kitabu Stephen anamfuata, anamkosa, anampata. Mwanzoni mwa The Hundred Days, kitabu cha mwaka 1998, tunaambiwa amekufa katika ajali ya gari la farasi. Hakuna kurasa za kilio. Habari inapita kwa maneno machache, na Stephen anaendelea na kazi kama mtu aliyekatika mkono. Mwaka ule ule wa 1998 O'Brian mwenyewe alifiwa na mkewe, Mary, aliyeishi naye zaidi ya miaka hamsini.

Anayerudia vitabu hivi anajua hayo tangu Diana anapotokea mara ya kwanza, juu ya farasi, akicheka. Kila safari ile gari yake inapokwenda kasi, unataka kumwambia apunguze. Hawezi kukusikia. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa nakisema kwa ulimi tu: sisi ghaibu hatuijui. Msomaji anayerudia anaijua siku ya kila mmoja, na wale waliomo ndani wanakunywa chai yao. Sisi tuko kama wao. Usiku ule wa Septemba 2011, kabla meli ya Spice Islander haijazama karibu na Nungwi, watu walikuwa na tende na nguo za watoto mizigoni, wanakwenda Pemba. Hakuna hapa kisiwani asiyemjua mtu aliyekuwamo, au aliyempoteza aliyekuwamo.

Kwa hiyo nimejifunza kuaga. Mtu wangu akiondoka kwenda bandarini, siachi neno baya likalala kati yetu. Vitabu havikunipa imani hiyo, ninayo kwa neema ya Mwenyezi Mungu. Lakini vilinifanya niihisi kwenye kifua, na hiyo si kazi ndogo kwa hadithi.

Najua watakaosema hadithi ni lagho, na kwamba hizi zina ulevi, zinaa na kamari. Zinazo. Ila tazameni yanavyoandikwa. Stephen anazoea dawa ya afyuni, na tunamwona akijidanganya siku hadi siku kwamba anaiweza. Jack katika ujana wake alimficha msichana melini akashushwa cheo, na miaka mingi baadaye kijana mweusi anayefanana naye kama chapa anamtafuta, na kwanza anafika nyumbani kwa Sophie. Dhambi haikupambwa hapo, imewekwa pamoja na gharama yake. Mtu mzima anaweza kusoma hivyo na akazidi kumwogopa Mola wake. Watoto nisingewapa.

Lawama nyingine ninaikubali zaidi. Vitabu hivi vinaitazama dunia kutoka kwenye sitaha ya Waingereza. The Mauritius Command, cha mwaka 1977, kinasimulia walivyoviteka visiwa vya Réunion na Mauritius mwaka 1810, vita vya kweli ambavyo walipoteza manowari nne kabla ya kushinda. Lakini mashamba ya visiwa vile yalilimwa na watumwa, na wengi walitolewa Msumbiji na pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa elfu moja kila mwaka. Anayesoma kitabu kile kutoka huku ana haki ya kuwaza juu ya watu wa Kilwa walipokuwa mizinga inalia. Mimi huwawaza. Wala haijanifanya nikiache kitabu, imenifanya nikisome nikiwa macho.

Na kuhusu kurudia kwenyewe: sisi ni watu tuliolelewa kwa kurudia. Chuoni tulirudia mpaka tukahifadhi, tukihitimu tukaanza tena Alhamdu. Silinganishi hadithi ya binadamu na Kitabu cha Mwenyezi Mungu, hasha. Nasema tu kwamba sisi hasa hatupaswi kumcheka anayerudia, kwa sababu tunajua moyo haushibi kwa mara moja.

O'Brian alifariki Dublin mwezi Januari 2000, akiwa na miaka 85. Juu ya kitabu cha ishirini na moja alikuwa ameandika sura chache tu, na zikachapishwa mwaka 2004 kama zilivyo. Hadithi inakatika njiani, chombo kingali baharini. Kwanza inaudhi. Kisha unaona ndivyo kazi za wanadamu zote zinavyokwisha, hata nguo zilizoko mezani kwangu leo.

Anayetaka kuanza, aanze na cha kwanza na afuate mpangilio, asome kurasa chache kila usiku baada ya Isha. Akimaliza asivigawe, aviweke rafuni. Kisha siku moja avipindue.

Mwenyezi Mungu awalinde wote walioko baharini, awarehemu waliotangulia, na awape subira wanaosubiri. Amin.