Mkasi na Mizani Kabla ya Kompyuta

Yako maoni yasikikayo mara kwa mara kwamba shule ya msingi isiyo na kompyuta haiwezi kufundisha sayansi ya kisasa. Sisi hatuyakubali. Kwa mfano mmoja wa maabara ya kemia tutaonyesha kuwa mwalimu atakayepangiwa shule ya Maretadu, wilayani Mbulu, aweza kufundisha kwa karatasi msingi wa kazi ambayo mtaalamu huifanya kwa programu.

Mkulima anyunyiziapo maharage dawa ya wadudu, mlaji ana haki ya kujua ni kiasi gani cha dawa kilichobaki. Nchini Tanzania usimamizi wa dawa hizo ni wajibu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Chombo kitumikacho sana katika upimaji wa namna hii ni kromatografu. Hicho hutenganisha kemikali zilizochanganyika, kisha huchora mstari wenye vilima. Eneo la kilima, likilinganishwa na la kilima cha kiasi kinachojulikana cha kemikali ile ile, hueleza kiasi kilichomo.

Siku hizi eneo hilo hukokotolewa na programu za kompyuta, mojawapo ikiwa OpenChrom, itolewayo bure. Kabla ya programu hizo kuenea, wakemia walikuwa wakivikata vilima kwa mkasi na kupima uzito wa vipande vya karatasi. Maadamu unene wa karatasi ulikuwa mmoja, kipande kizito zaidi ndicho kilichokuwa na eneo kubwa zaidi.

Hapa ndipo penye somo letu. Wanafunzi wa darasa la sita wachore vilima viwili, kimoja kirefu na chembamba, kingine kifupi na kipana, juu ya ubao wa boksi uliopigwa miraba ya sentimita moja. Kwanza wakisie kipi kikubwa. Kisha wahesabu miraba, wakate, na wapime kwa mizani ya rula na vifuniko vya chupa, wakitumia miraba ya boksi lile lile kuwa mawe ya mizani. Majibu mawili yakitofautiana, mwalimu asiwape jibu, awaulize sababu.

Zaidi ya hayo, wabishane kilima kianzie wapi na kiishie wapi. Swali hilo si la kitoto. Programu nayo huweka mstari wa chini wa kilima. Ukiwekwa vibaya, eneo huwa la uongo, na chakula chenye madhara chaweza kuhesabiwa salama. Mashine haitaona haya. Mwenye kuikagua ni mtu.

Hatuipingi kompyuta. Ikifika shuleni, ipokewe kwa furaha. Lakini mwanafunzi aliyekwisha kukata na kupima ataiuliza maswali, na asiyepata kufanya hivyo ataisadiki tu. Kwa hiyo, walimu wenzetu, tusingoje umeme ndipo tuanze kufundisha kufikiri.